Mita Haijafa: Mwongozo wa Kuiokoa Kompyuta ya Baiskeli Isizikwe Hai



Kuna msiba hapa mjini Dodoma ambao hauna matanga wala rambirambi, na marehemu wake mara nyingi ni mzima wa afya. Mtu anashuka kwenye baiskeli, anaitazama mita iliyofungwa kwenye usukani, anaona sifuri. Anaipiga kibao. Sifuri. Anaipuliza. Sifuri. Wanajitokeza washauri watatu, hakuna hata mmoja aliyewahi kumiliki kifaa hicho. Wanaizunguka baiskeli, wanatikisa vichwa, kisha mkubwa wao anatoa hukumu: "Hiyo imekufa, nunua nyingine." Jioni mita imeshazikwa ndani ya droo, katikati ya chaja za simu zilizokwisha kusahaulika, na mfiwa anahesabu fedha za kununua mpya.

Mwongozo huu unapinga mazishi hayo. Mita ya baiskeli, iwe ya waya au isiyo na waya, ni kifaa chenye sehemu chache mno, na kila sehemu inaweza kuulizwa swali na kujibu. Anayejua maswali atapata jibu kabla chai haijapoa. Asiyeyajua atanunua mita mpya, ataifunga pale pale penye kasoro ya zamani, na wiki ijayo atakuwa na misiba miwili.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa mji wenye kioski kila kona. Nyanda za kati ni kavu. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni jua na upepo. Kutoka mjini barabara kuu zinaelekea Morogoro, Iringa, Singida na Arusha kupitia Kondoa, na vipande virefu vya barabara hizo havina kivuli wala bomba. Ndizo barabara walizopita washiriki wa Tour d'Afrique, safari ya Cairo hadi Cape Town iliyoanza mwaka 2003, na ndizo anazopita kila siku mwenye dumu la maji kwenye keria. Huku kwetu kilomita ni maji. Anayejua amebakiza kilomita 12 kufika kijiji cha mbele anajua anywe chupa hii au aitunze. Anayebahatisha hunywa mapema, halafu hulamba midomo.

Basi tuanze, na tuanze kwa mpangilio.

1. Ijue kazi yake kabla ya kuihukumu

Mita haijui unakwenda wapi, wala haioni barabara. Inahesabu tu. Kwenye spoku ya gurudumu la mbele kuna sumaku ndogo. Kwenye uma wa mbele, unaoshika gurudumu, kuna kidude ambacho mafundi wanakiita sensa. Kila sumaku inapopita mbele ya sensa, hesabu inaongezeka moja. Mita inachukua hesabu hiyo, inazidisha kwa urefu wa mzingo wa tairi uliouandika wewe, na hapo inapata umbali. Ikigawanya umbali kwa muda, inapata kasi. Hakuna uganga mwingine.

Jina la sensa limetufaa bila kukusudia. Matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 yalitangazwa hapa hapa Dodoma, katika Uwanja wa Jamhuri, kwa hiyo wenyeji wa mji huu wanaelewa vizuri kwamba karani asiyefika nyumbani kwako hawezi kukuhesabu. Sensa ya baiskeli ni karani wa namna hiyo. Sumaku isipompitia karibu, gurudumu halihesabiwi, hata ukikanyaga pedeli mpaka jasho likauke mgongoni.

Na kazi yake si ndogo. Tairi lenye mzingo wa mita 2.1 huzunguka mara 476 kwa kila kilomita. Ukiwa katika kilomita 20 kwa saa, sensa inahesabu zaidi ya mara mbili na nusu kila sekunde. Mwishoni mwa karne ya 19 kazi hiyo ilifanywa kwa kugongana: Curtis Veeder wa Hartford, Marekani, alitengeneza mwaka 1895 kihesabu cha meno kilichogongwa na pini iliyofungwa kwenye spoku. Siku hizi sensa nyingi zina kichupa chembamba cha kioo, na ndani yake mna vipande viwili vya chuma vinavyokaribiana bila kugusana. Sumaku ikipita, vinagusana, ikishapita, vinaachana. Swichi hiyo ilibuniwa na Walter B. Ellwood katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1936.

Kumbuka neno kioo. Litatusaidia katika hatua inayofuata.

2. Mikono chini, usiipige

Kibao kilipata sifa katika enzi za redio za mbao, na tangu hapo kimepewa kazi zisizo zake. Kwenye mita ya baiskeli kibao hakijawahi kurekebisha sumaku, hakijawahi kujaza betri, wala hakijawahi kuunga waya. Kinachoweza kufanya ni kulegeza kishikio cha mita, na kikishuka hadi kwenye sensa, kupasua kile kichupa cha kioo. Hapo washauri watatu watakuwa wamesema kweli kwa mara ya kwanza: imekufa, na wauaji wanajulikana.

Kupuliza nako hakufai. Pumzi ina unyevu, na unyevu ndio adui wa vichuma viwili vidogo vilivyo nyuma ya mita ya waya. Tumia kitambaa kikavu.

3. Anza na gurudumu, usianze na kioo cha mita

Mgonjwa anaonekana juu, kwenye usukani, lakini ugonjwa mara nyingi uko chini, kwenye gurudumu. Na Dodoma ugonjwa huo una chanzo kinachojulikana na kila mtu: mwiba. Mbigili za pembezoni mwa njia na miiba ya migunga hazibagui tairi jipya wala la zamani. Pancha inatokea, gurudumu la mbele linafunguliwa, tyubu inazibwa, gurudumu linarudishwa. Linarudishwaje, hapo ndipo penye habari.

Siku moja kijana alimfuata fundi mmoja mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Baiskeli imefanyaje?"

"Baiskeli nzima, mzee. Mita ndiyo imekufa. Jana tu ilikuwa inasoma."

"Ilikuwa inasoma kabla ya pancha, au baada ya pancha?"

Kijana akanyamaza kidogo. "Kabla."

Mzee akainua usukani, akalizungusha gurudumu la mbele taratibu, akaonyesha kwa bisibisi. Sensa ilikuwa upande wa kulia wa uma. Sumaku ilikuwa inazunguka upande wa kushoto. Gurudumu lilikuwa limegeuzwa.

"Mita yako haijafa," mzee akasema. "Imesusa. Mgeni wake anapita nyuma ya nyumba."

Jifunze kwa huyo mzee. Inua gurudumu la mbele, lizungushe polepole, kisha uliza maswali manne. Sumaku ipo, au ilidondoka kwenye matuta? Iko upande mmoja na sensa? Inapita mbele ya ile alama iliyochorwa kwenye sensa, au inapita juu zaidi au chini zaidi? Na nafasi kati yake na sensa ni kiasi gani? Kwa mita nyingi nafasi hiyo isizidi milimita 5, yaani unene wa penseli ni mwingi mno. Ikiwa pana, sogeza sumaku kwenye spoku kuelekea kwenye habu au kuelekea kwenye rimu mpaka ikutane na alama, kisha isogeze sensa karibu na spoku. Hakikisha havigusani, halafu kaza.

Kisha sikiliza. Peleka sumaku mbele ya sensa ukiwa umetega sikio karibu kabisa. Swichi ya kioo iliyo nzima hutoa mlio mdogo sana, "ti", kama ukucha unaogusa sahani. Ukiusikia, karani yupo kazini.

Jambo moja zaidi kwa wale wenye baiskeli za kisasa. Baadhi ya sensa mpya hazina sumaku kabisa; hufungwa kwenye habu na kuhisi mzunguko zenyewe. Usipoteze asubuhi nzima kutafuta sumaku ambayo haikuwahi kuwepo.

Na unapotengenezewa pancha, usikubali baiskeli ipinduliwe na kusimamishwa kwa usukani juu ya kokoto huku mita ikiwa imefungwa. Ichomoe uitie mfukoni. Kioo cha mita hakikuumbwa kubeba baiskeli.

4. Betri: hesabu kwanza ziko ngapi

Mita ya waya ina betri moja. Mita isiyo na waya kwa kawaida ina mbili: moja ndani ya mita, nyingine ndani ya sensa kule chini kwenye uma. Mtu anabadilisha ya juu, anaona namba zimeng'aa, anafurahi, anapanda, na kasi bado ni sifuri. Anaapa kwamba betri ni mpya. Ni kweli, ni mpya, lakini ya chini bado ni ile ya mwaka juzi.

Betri inayotumika mara nyingi inaitwa CR2032, na jina lenyewe ni maelezo: ni ya mviringo, kipenyo chake milimita 20, unene wake milimita 3.2, na nguvu yake ni volti 3. Kwa hiyo ukiuziwa CR2025 kwa maneno ya "zinafanana tu", jua ni nyembamba kwa milimita 0.7, na huenda isigusane na vichuma vyake. Soma namba iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, nunua hiyo hiyo, na uiingize upande wa alama ya kujumlisha ukitazama pale kifuniko kinapoelekeza.

Kabla ya kuitoa ya zamani, andika pembeni mambo mawili: jumla ya kilomita ulizokwisha kuendesha, na namba ya mzingo wa tairi. Mita nyingi husahau yote mawili mara betri inapotoka. Namba ya mzingo iandike kwa maka chini ya tandiko. Daftari hupotea, tandiko ulilolikalia halipotei.

Na hapa naomba tusikilizane vizuri. Wapo waliozoea kuanika betri za tochi juani, na wengine kuzing'ata, ili zitoe nguvu ya mwisho. Betri ya kitufe usiing'ate na usiianike. Zaidi ya hapo, usiiache mahali mtoto anapofika, iwe mpya au iliyokwisha. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio kwa muda wa saa mbili tu. Akiimeza, asisubiriwe kuona kama ataitoa. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

5. Ya waya: jaribio la sarafu

Mita ya waya ina sifa moja kubwa: inakubali kuulizwa kwa sarafu. Ichomoe kwenye kishikio chake, uigeuze. Nyuma yake utaona vichuma viwili vidogo. Hapo ndipo habari za gurudumu zinapoingilia. Chukua ukingo wa sarafu, au ncha ya bisibisi, uviguse vyote viwili kwa pamoja, uachie, uguse, uachie, haraka haraka mara kadhaa. Unaigiza sumaku inayopita.

Namba za kasi zikitokea, mita ni nzima kabisa. Kasoro iko chini yake: kwenye kishikio, waya au sensa. Zisipotokea, na betri ni nzuri, kasoro iko ndani ya mita yenyewe. Jaribio hilo la nusu dakika linaugawa ugonjwa sehemu mbili, na linawanyamazisha washauri watatu bila ugomvi.

Kama mita ni nzima, safisha vichuma vyake na vile vya kishikio. Vumbi letu jekundu likichanganyika na jasho linaganda kama utandu. Kitambaa kikavu kinatosha. Utandu ukiwa mkaidi, sugua taratibu kwa kifutio cha penseli kisha upanguse mabaki.

Halafu fuata waya kwa vidole kutoka juu hadi chini. Usiutazame tu, upapase. Hukatika mahali patatu: pale usukani unapogeukia, pale ulipobanwa na kamba ya plastiki iliyokazwa kwa hasira, na pale unapoingia kwenye kishikio. Ganda la nje linaweza kuwa zima huku shaba ya ndani imekatika. Dalili yake ni mita inayosoma ukigeuza usukani kushoto na kunyamaza ukigeuza kulia. Ukipata palipokatika, mpelekee fundi redio. Waya una nyuzi mbili, na kuunga nyuzi mbili kwa lehemu ni kazi ndogo kwake. Baada ya hapo uzungushe waya juu ya waya wa breki, uache ulegevu wa kutosha usukani kugeuka mwisho hadi mwisho pande zote. Upe nafasi ukupe kazi.

6. Isiyo na waya: umbali, kelele na ndoa

Mita isiyo na waya haina uzi wa kukatika, lakini ina mambo yake matatu.

La kwanza ni umbali. Zile za bei nafuu hutuma mawimbi dhaifu yanayofika sentimita 60 au 70 hivi. Fundi akiifunga sensa chini kabisa karibu na habu, na wewe ukaiweka mita juu ya usukani ulioinuliwa, hizo zimepita. Pandisha sensa kwenye uma, na sumaku nayo ipande kwenye spoku. Zipo pia zinazotaka sensa iitazame mita. Kama ina mshale, mshale uelekee juu. Na baada ya kupumzika chini ya mbuyu, kumbuka kwamba nyingi hulala dakika chache baada ya gurudumu kusimama. Bonyeza kitufe iamke kabla ya kuishtaki.

La pili ni kelele. Mita hizi za mawimbi dhaifu husikia na yasiyozihusu. Taa za LED za bei rahisi zilizofungwa sentimita chache kutoka kwenye mita, simu iliyo kwenye kikapu cha mbele, na plagi ya bodaboda inayonguruma ubavuni mwako zinaweza kuleta namba za ajabu. Kadhalika nyaya za umeme mkubwa. Dodoma tunazo nyingi: njia ya umeme ya kilomita 670 kutoka Iringa kupita Dodoma na Singida hadi Shinyanga, iliyojengwa kwa ajili ya kilovolti 400, na sasa reli ya SGR, ambayo treni zake za umeme zilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Ukipita chini ya nyaya hizo mita ikakuambia una kilomita 79 kwa saa kwenye kilima, usijipongeze. Endelea mita mia chache uone. Ikirudi kwenye akili zake, haina ugonjwa. Ilikuwa imepigiwa kelele. Isiporudi, zima taa kwanza, kisha hamisha simu. Fanya kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, mita itapona na hutajua dawa ilikuwa ipi.

La tatu ni ndoa, yaani kuoanisha. Mita za kisasa zaidi hutumia mawasiliano ya ANT+ au Bluetooth, na sensa lazima itambulishwe kwa mita yake. Sensa ya ANT+ ni kama mtangazaji wa redio: inasema mara moja, wanasikia wengi. Sensa nyingi za Bluetooth husema na mmoja tu kwa wakati mmoja. Kama programu ya simu yako imewahi kuishika, mita itaita hadi jioni bila kuitikiwa. Funga programu ile, au zima Bluetooth ya simu, uoanishe upya. Na usifanye kazi hiyo katikati ya kundi la wenzako asubuhi ya Jumapili, kila mmoja na sensa yake. Sogea pembeni hatua kadhaa, usije ukaoa gurudumu la mwenzio na kurudi nyumbani na kilomita zisizo zako.

7. Inasoma, lakini inasema uongo

Kuna mita ambayo haikunyamaza. Inasema, tena kwa kujiamini, na kila isemalo si kweli. Hii ni hatari kuliko ile iliyokaa kimya, kwa sababu unaiamini na chupa yako ya maji.

Kwanza kagua kama inahesabu maili. Ukiona 15 wakati miguu inakuambia 24, hakuna kilichoharibika. Maili moja ni kilomita 1.609. Badilisha kipimo.

Kisha kagua mzingo. Mita mpya huja na namba fulani iliyowekwa kiwandani, mara nyingi ya tairi jembamba la mbio. Tuseme ni 2096, kwa milimita, ya tairi la 700x23C. Wewe una baiskeli nyeusi ya mizigo, yenye tairi la inchi 28 kwa moja na nusu, ambalo mzingo wake ni takribani milimita 2,240. Ukiendesha kilomita 100 za kweli, mita itakuhesabia 93 na ushei. Mwenzio mwenye tairi la 26x1.95, ambalo mzingo wake ni kama 2,050, akiacha namba ile ile ataambiwa 102. Mtaondoka pamoja, mtafika pamoja, na mtabishana kwa kilomita tisa mpaka urafiki ulegee. Wote wawili mmepotoka, na mwenye kosa ni namba.

Usinakili namba ya jirani. Pima tairi lako. Tafuta sakafu ya saruji iliyonyooka. Jaza upepo kama unavyojaza siku zote. Weka valvu ya gurudumu la mbele chini kabisa, chora alama ya chaki sakafuni. Panda, ukalie baiskeli, na kama kila siku unabeba mzigo, uwe nao, kwa sababu tairi lililolemewa hubonyea na mzingo wake hupungua. Mwenzio akushike usiyumbe. Sogea mbele moja kwa moja mpaka valvu irudi chini mara tano. Chora alama ya pili, pima kwa tepu, gawa kwa tano. Hiyo ndiyo namba yako, na hakuna kitabu kinachoijua kuliko chaki yako.

Ukitaka ushahidi, nenda barabarani. Kando ya barabara kuu ziko nguzo za kilomita. Anza kwenye nguzo moja, weka mita sifuri, endesha kilomita 10 kwa nguzo. Usitegemee nguzo moja tu, huenda imesogezwa wakati wa matengenezo. Kisha chukua namba ya mzingo uliyonayo, zidisha kwa umbali wa kweli, gawa kwa umbali uliosomwa na mita. Kama uliweka 2096 na mita ikasoma 9.36 badala ya 10, basi 2096 mara 10, gawa kwa 9.36, unapata 2,239. Umerudi kwenye tairi la inchi 28 bila kuwa na tepu.

Kwa wenye pumzi ya kutosha kuna mtihani mkubwa zaidi. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa Aprili 2018, ilijengwa kwa vipande vilivyopimwa, na cha kwanza, Dodoma hadi Mayamaya, ni kilomita 43.65. Hiyo ni mizunguko karibu 20,800 ya tairi lenye mzingo wa mita 2.1. Sensa inayohesabu yote hiyo bila kuruka ni karani wa kupewa cheti.

8. Jua, vumbi na mvua ya kwanza

Ukiacha baiskeli juani saa saba mchana, kioo cha mita kinaweza kuwa cheusi chote kama chungu. Usitangaze msiba. Kioo cha namna hiyo hupoteza sura kikipata joto kali na huirudisha kikipoa. Ipeleke kivulini, usiimwagie maji ya baridi. Namba zikififia polepole siku baada ya siku, kivulini na juani, hapo ni betri.

Mvua ya kwanza ya msimu huleta dalili nyingine: mita inasoma kasi huku baiskeli imesimama. Ni maji yaliyoingia kati ya vile vichuma viwili na kuviunganisha. Chomoa, pangusa, acha vikauke. Ukitoa kifuniko cha betri, hakikisha raba yake nyembamba inarudi mahali pake. Raba hiyo ndiyo mlinzi wa mlango.

9. Lini ikubaliwe kuwa imekufa

Umeweka betri sahihi, zote mbili kama ni mbili. Umesafisha vichuma. Umebonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma kinachofuta kila kitu, kama kipo. Umejaribu sarafu kwenye mita ya waya, au umesogeza sensa isiyo na waya ukaiweka sentimita 20 kutoka kwenye mita, ukapitisha sumaku mbele yake kwa mkono. Kimya. Hapo, na hapo tu, toa hukumu, tena ieleze imekufa sehemu gani. Sensa ikifa, mita huenda ikaishi na sensa nyingine ya aina ile ile. Sumaku hubaki kuwa sumaku, itunze. Betri iliyokwisha usiitupe uani.

Ninyi mafundi wa pancha, nawaomba jambo moja: kabla ya kufungua gurudumu la mbele, tazameni sumaku iko upande gani, na lirudisheni lilivyokuwa. Nanyi wenye baiskeli, kabla ya kuondoka kwa fundi, inueni gurudumu, lizungusheni, mwone namba zinatembea. Ni kazi ya sekunde kumi. Nanyi washauri watatu, mkiulizwa tena kama imekufa, jibuni kwa swali la yule mzee: ilikuwa inasoma kabla ya pancha, au baada?

Kisha jazeni chupa zenu za maji. Mayamaya ni kilomita 43.65.